Fonti: neno limetoka wapi na lina maana gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kupanga maandishi kabla hayajakwenda kuchapwa: kadi za harusi, ratiba za mazishi, menyu, vijitabu vya kwaya, mabango ya maduka. Haipiti siku bila mtu kusimama mezani kwangu na kusema, "Hebu nibadilishie fonti." Neno hili tunalitumia asubuhi mpaka jioni, na mimi nalipenda, kwa sababu ndani yake mna moto, madini na mikono ya watu. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi na kuyajibu kadiri ninavyojua.

Fonti ni nini hasa?

Ni seti ya herufi, tarakimu na alama za uandishi zenye sura moja, zilizotengenezwa ili zitumike pamoja. Zamani seti hiyo ilikuwa vipande vya madini vilivyopangwa kwenye kasha la mbao. Leo ni faili iliyomo kwenye kompyuta au simu yako.

Neno lenyewe limetoka wapi?

Sisi tumelichukua kwa Waingereza, wanaosema "font". Waingereza nao walilichukua kwa Wafaransa. Kwa Kifaransa "fonte" ni kitu kilichopatikana kwa kuyeyusha madini na kuyamimina, na limetokana na kitenzi "fondre", yaani kuyeyusha. Ukizidi kurudi nyuma unafika kwenye Kilatini, "fundere", maana yake kumimina. Katika Kiingereza cha karne ya 16 neno hili lilihusu umiminaji wa madini kwa jumla. Kufikia miaka ya 1680 tayari linaonekana katika maandishi yao kwa maana ya seti ya herufi za kuchapia.

Kwa hiyo fonti, kwa asili yake, ni "iliyomiminwa". Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyohiyo: kusubu. Mhunzi akiyeyusha madini na kuyatia kwenye kalibu ili yapate umbo, anasubu. Kitenzi hiki kimetoka kwenye Kiarabu, "sabba", ambacho nacho maana yake ni kumimina. Mrumi na Mwarabu, kila mmoja kwa njia yake, walimtazama fundi akiinamisha upawa wa madini ya moto, wakakipa kitendo hicho jina la kile walichokiona. Nilipoligundua hili niliacha kuliona "fonti" kama neno la kigeni lisilo na pa kushikamana nalo.

Kwa nini herufi zilimiminwa? Si zingechongwa tu?

Zingechongwa, na watu walizichonga. Lakini ukurasa mmoja wa kitabu una herufi elfu mbili au tatu. Ukichonga kila moja kwa mkono, hakuna "a" mbili zitakazolingana, na utazeeka kabla ya kumaliza kitabu.

Njia iliyoenea Ulaya ilitokana na kazi ya Johannes Gutenberg wa Mainz, Ujerumani, aliyemaliza kuchapa Biblia yake mashuhuri yenye mistari 42 kwa ukurasa karibu mwaka 1455. Hakuwa wa kwanza duniani kutumia herufi za madini, maana Korea kuna kitabu kilichochapwa kwa herufi za namna hiyo mwaka 1377. Ila njia iliyotoka Mainz ndiyo iliyofika kwetu.

Fundi alianza na kipande cha chuma cha pua. Kwenye ncha yake alichonga herufi moja, imegeuka kama unavyoiona kwenye kioo. Hapo ndipo ustadi wote ulipokuwa, na kazi ilikwenda polepole mno. Chuma hicho alikiweka juu ya bamba la shaba, ambayo ni laini zaidi, akakigonga kwa nyundo mpaka shaba ikabaki na shimo lenye umbo la herufi. Bamba hilo aliliweka chini ya kalibu ndogo ya mkononi, akamimina mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni ulioyeyuka, akaipa kalibu mtikiso wa ghafla ili madini yafike kila kona, akafungua. Ikatoka "a". Akafunga, akamimina tena, ikatoka "a" nyingine inayofanana na ya kwanza. Joseph Moxon, fundi wa London aliyeandika juu ya kazi za mikono mwaka 1683, anasema mtu mmoja alisubu herufi kama 4,000 kwa siku.

Wanaojifunza kazi kwangu nawaeleza hivi: fikiria chuma cha vitumbua. Mama hatengenezi umbo la kila kitumbua. Umbo limo ndani ya chuma. Yeye anateka uji wa mchele kwa upawa, anamimina, anageuza, anaopoa. Vitumbua hamsini vya asubuhi ile vina sura moja kwa sababu vimepita kwenye mashimo ya chuma kimoja. Akitaka vikubwa zaidi, lazima atafute chuma kingine. Rundo lile la vitumbua lililotoka kwenye chuma kile ndilo fonti.

Basi sura ya herufi na fonti ni vitu viwili?

Kwa asili, ndiyo. Sura ni wazo la mchoraji: "a" iwe na tumbo la namna gani, "g" iwe na mkia au kitanzi, mistari iwe minene au myembamba. Fonti ni sura hiyo ikiwa imekwisha kumiminwa kwa saizi fulani na unene fulani. Chukua Garamond, sura moja maarufu ya herufi. Wakati wa madini, Garamond ya saizi 10 na Garamond ya saizi 12 zilikuwa fonti mbili zilizokaa kwenye makasha mawili tofauti, na kila moja ulilipia pesa yake. Garamond ya mlazo ilikuwa fonti ya tatu. Lakini zote zilikuwa na sura moja.

Waingereza wana neno jingine kwa ajili ya sura hiyo. Sisi tunaweza kusema "sura ya herufi", na kila mtu ataelewa bila kufafanuliwa.

Ninaposema "fonti" nikimaanisha sura, nakosea?

Hapana. Maana ilihama, na unaweza kutaja wakati ilipohama. Mwaka 1984 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta ya Macintosh, na juu ya kioo chake palikuwa na orodha iliyoandikwa "Font". Ukiibofya unapata majina ya sura. Saizi na unene viliwekwa pembeni. Muda si mrefu zikaja fonti ambazo kila herufi huhifadhiwa kama mchoro wa mistari na mikunjo unaokokotolewa, kwa hiyo faili ileile moja inatoa saizi 8 na saizi 80. Kilichotenganisha fonti ya 10 na ya 12 kilikuwa kalibu, na kalibu haipo tena. Mamilioni ya watu ambao hawajawahi kukanyaga kiwanda cha chapa walijifunzia neno hili pale, na walijifunza maana mpya.

Mimi mwenyewe husema "fonti" kwa maana hiyo siku nzima. Tofauti huikumbuka pale inaponisaidia. Mteja akiniambia "ninayo fonti hiyo", namuuliza: una faili ya herufi za kawaida tu, au hata ya nene na ya mlazo? Mara nyingi anayo moja. Kompyuta ikilazimishwa kuzinenepesha yenyewe, inazipaka tu wino kotekote, na matundu ya "a" na "e" yanaziba. Herufi nene halisi imechorwa upya na mtu, fonti yake ni nyingine.

Je, fonti ina undugu na "fundi"?

Hili huulizwa sana na wanafunzi, na nafurahi wanapouliza, kwa sababu wanasikiliza maneno. Jibu ni hapana. "Fundi" ni neno la Kibantu, la ukoo mmoja na "funda" na "fundisha". Kufanana kwake na "fundere" ya Kilatini ni bahati tu.

Ndugu halisi wa fonti aliyemo nyumbani kwako ni fyuzi. Fyuzi ya umeme iliitwa hivyo kwa sababu umeme ukizidi, uzi wake unayeyuka na kukata njia, na jina lake limetoka kwenye "fundere" hiyohiyo. Uswisi na Ufaransa wana chakula cha jibini iliyoyeyushwa kinachoitwa "fondue", naye yumo kwenye ukoo huu.

Kuna na "font" nyingine ya Kiingereza, chombo cha maji ya ubatizo kanisani. Tahajia ni moja ila asili ni mbali. Hiyo imetoka kwenye Kilatini "fons", chemchemi.

Zamani watu walinunuaje fonti?

Kwa uzito. Kiwanda cha kusubu kilikuuzia mzigo wa herufi, na ndani ya mzigo huo kila herufi ilikuwa na idadi yake, kulingana na inavyotumika. Kwa Kiingereza "e" huongoza, kwa hiyo mwenye kuchapa Kiingereza alipewa "e" nyingi kuliko herufi nyingine yoyote, na "q", "x" na "z" chache.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, na kwangu hapa ndipo pana utamu kuliko kwingine kote. Chukua methali ndogo kabisa: "Haraka haraka haina baraka." Ina herufi 23. Hesabu "a" peke yake: ziko 11. "H", "r" na "k" ziko tatu tatu. "E" haipo hata moja. Fonti iliyosubiwa kwa ajili ya Kiingereza ukiitumia kupangia Kiswahili, kasha la "a" litabaki tupu wakati la "e" bado limejaa, na "k" zitakuishia ukiwa katikati ya sentensi. "X" na "q" zitalala kwenye vijumba vyao bila kuguswa, maana Kiswahili sanifu hakizihitaji.

Upendeleo huo uliingia hata kwenye mashine. Mwaka 1886 gazeti la New York Tribune lilianza kutumia Linotype, mashine ya Ottmar Mergenthaler iliyosubu mstari mzima wa maandishi kwa mara moja. Vibonye vyake vilipangwa kufuata herufi zinazotumika zaidi katika Kiingereza, kuanzia "e", "t", "a", "o". Mpangaji wa Kiswahili aliyekaa mbele ya kibodi ile alikaa kwenye kiti kilichotengenezwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Herufi hizi zilifikaje huku kwetu?

Kwa meli, pamoja na mashine zake. Unguja ndiyo mlango mkubwa. Wamisionari wa UMCA, shirika la misheni la Kianglikana kutoka Uingereza, walihamia Unguja mwaka 1864, na Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, alikuwa na mashine ya chapa na akawafundisha vijana kupanga herufi. Kutoka mikono ya namna hiyo likatoka jarida la Msimulizi, lililoanza mwaka 1888 Kiungani. Wakati uleule Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na kiwanda chake cha chapa kilichotoa vitabu vya Kiarabu.

Fikiria kisiwa kimoja kikiwa na fonti za Kirumi na fonti za Kiarabu kwa wakati mmoja. Wakati huo Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Kuzisubu hizo ni kazi kubwa zaidi, kwa sababu herufi moja hubadilika umbo ikiwa mwanzoni mwa neno, katikati, mwishoni au peke yake. Fonti ya Kiarabu inadai vipande vingi mno kuliko ya Kirumi, na Kiswahili kinadai tena alama za ziada kwa sauti kama "p", "ch" na "v", ambazo Kiarabu hakina.

Kwa nini tunasema "chapa", "kupiga chapa"?

Hilo limetoka upande mwingine wa bahari, India, ambako "chhap" ni alama inayobanwa au kugongwa juu ya kitu. Kiongozi wa kiwanda cha serikali Tanzania bado huitwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo katika sentensi moja ya kazini, "fonti hii ikipigwa chapa herufi zitasomeka", una Kifaransa, Kihindi na Kiarabu, na ni Kiswahili kitupu.

Ile namba 12 inapima nini?

Watu wengi wanadhani inapima herufi. Haipimi herufi. Inapima kile kipande cha madini kilichobeba herufi.

Herufi ya kusubiwa ilikuwa kijiti chembamba chenye kimo cha karibu milimita 23, na herufi imekaa juu yake kama mtu juu ya kiti. Saizi ya fonti ilikuwa upana wa kiti, kutoka ukingo wa juu wa mstari hadi ukingo wa chini. Mtu mkubwa hujaza kiti, mtu mdogo huacha nafasi. Kompyuta zimeurithi mpango huo: kila herufi imechorwa ndani ya kiti kisichoonekana. Ndiyo maana Verdana ya 12 inaonekana kubwa kuliko Garamond ya 12, na mteja huniambia nimempunja. Sikumpunja. Viti ni sawa, waliokalia ndio wanatofautiana.

Saizi huhesabiwa kwa pointi. Kwenye kompyuta, pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi. Saizi 12 ni basi sehemu ya sita ya inchi, zaidi kidogo ya milimita 4.

Nafasi kati ya mstari na mstari nayo ina historia ya madini. Wapangaji walichomeka vipande vyembamba vya risasi baina ya mistari ili ipumue, na Waingereza mpaka leo nafasi hiyo huiita kwa jina la risasi. Mtu anayebofya panya ili kuongeza nafasi anachomeka risasi bila kujua.

Majina ya fonti yametoka wapi?

Mengine ni majina ya watu: Claude Garamond alichonga herufi Paris katika karne ya 16, Giambattista Bodoni alifanya kazi Parma, Italia, katika karne ya 18. Mengine ni ya kazi iliyokusudiwa. Times New Roman ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, ikatumika humo kwa mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba 1932. Stanley Morison ndiye aliyeisimamia na Victor Lardent ndiye aliyeichora. Helvetica ilichorwa Uswisi mwaka 1957 na Max Miedinger ikiwa na jina lingine, kisha mwaka 1960 ikapewa jina linalotokana na Helvetia, jina la Kilatini la Uswisi, ili iuzike nje. Na neno "italiki" linaikumbuka Italia, kwa sababu herufi za mlazo zilianza kuchapwa Venice, kwenye kiwanda cha Aldus Manutius, mwaka 1501 kikatoka kitabu kizima kwa herufi hizo.

Kwa nini maandishi yangu hubadilika nikiyapeleka kwa mchapaji?

Kwa sababu hukupeleka fonti, ulipeleka jina lake tu. Faili ya maandishi mara nyingi hubeba maagizo: "hapa weka fonti fulani." Kompyuta ya pili ikiwa haina fonti hiyo, inachukua nyingine inayodhani inafanana, na mistari inahama.

Nisimulie lililonipata, maana linafundisha kuliko maelezo. Mama mmoja mwenye mgahawa aliniomba menyu. Nilichagua fonti ya bure inayofanana na mwandiko wa mkono, ikapendeza, akaipenda. Nikaweka kwenye flashi, nikapeleka kwenye kiwanda kimoja cha chapa, wakachapa nakala 200. Nilipofungua boksi niliona "Supu ya ng", halafu kisanduku kitupu, halafu "ombe". Chini yake maini, vilevile. Chini yake ulimi, vilevile. Aliyeichora fonti ile hakuweka alama ya king'ong'o. Kwenye kompyuta yangu programu ilikuwa ikiazima alama hiyo kwenye fonti nyingine bila kuniambia. Kule kiwandani haikuazima. Hakuna aliyesoma sampuli kwa makini, na mimi ndiye niliyepaswa kuwa wa kwanza kuisoma.

Mama yule hakugomba. Aliketi kwenye meza ya kona na kalamu nyeusi, mimi nikaketi mbele yake, tukachora alama mahali 600, moja baada ya nyingine. Siku hizi nikipata fonti mpya, neno la kwanza ninaloandika ni "ng'ombe". La pili ni "king'ora". Zikipita hizo, ndipo naendelea.

Ukitaka kuepuka haya, toa kazi yako kama PDF iliyobeba fonti ndani yake, au geuza maandishi kuwa michoro kabla ya kuyapeleka. Halafu soma sampuli ya karatasi, si ya kwenye kioo.

Ni fonti gani inafaa kwa Kiswahili?

Kiswahili sanifu hakina nukta na vikofia juu ya herufi, kwa hiyo karibu kila fonti ya Kirumi inakitosha. Mtihani wa kwanza ni "ng'". Mtihani wa pili andika "Ilala". Kwa Arial, "I" kubwa na "l" ndogo ni vijiti viwili ambavyo karibu vinafanana, na mgeni hajui aanzie wapi. Kwa Verdana, iliyochorwa na Matthew Carter mwaka 1996 kwa ajili ya kusomwa kwenye kioo, "I" kubwa ina vibamba juu na chini, basi neno linasomeka bila kubahatisha. Kwenye tangazo la kiwanja au kibao cha barabara hilo si jambo dogo.

Jambo la tatu ni urefu wa maneno. "Hawatakusanyika" ni neno moja lenye herufi 15, na Kiswahili kina mengi ya namna hiyo. Kwenye safu nyembamba ya gazeti, fonti pana itakuachia mapengo makubwa katikati ya mstari. Huko nachagua fonti iliyobana kidogo.

Maandishi ya kanga nayo ni fonti?

Yana sura yake inayotambulika, na naona yanastahili heshima kuliko tunavyoyapa. Kanga za zamani zilibeba jina kwa herufi za Kiarabu, baadaye Kirumi kikashika nafasi. Karibu zote hutumia herufi kubwa tupu, nene, zilizonyooka, kwenye mstari mmoja. Zina sababu. Jina la kanga husomwa mtu akiwa anatembea, kitambaa kimekunjana, na aliyekusudiwa yuko ng'ambo ya barabara. Herufi nyembamba za mapambo zingepotelea kwenye mikunjo. Ila kwa maana kali ya neno, herufi zilizochorwa kwa ajili ya jina moja tu la kanga si fonti. Zinakuwa fonti pale zinapokamilika kuwa seti unayoweza kuandikia jina lingine lolote. Nasubiri kwa hamu kijana atakayezikusanya, "A" mpaka "Z", na kututengenezea.

Ni kweli fonti iliwahi kuwa ushahidi kwenye kesi?

Ndiyo. Pakistani, mwaka 2017, wachunguzi wa mali za familia ya waziri mkuu wa wakati huo walipewa hati yenye tarehe ya Februari 2006. Iliandikwa kwa Calibri. Fonti hiyo, kazi ya Lucas de Groot, ilianza kuuzwa kwa watu wote mwaka 2007. Wachunguzi wakauliza hati ya 2006 iliipataje.

Fonti za bure ni bure kweli?

Nyingine ndiyo, nyingine si hivyo. Fonti ni programu, na ina leseni kama programu nyingine. Nyingi unazopakua zimeandikwa kuwa ni za matumizi binafsi tu. Ukiiweka kwenye nembo ya duka la mtu umevunja masharti, na anayedaiwa baadaye huwa mwenye duka. Zilizotolewa kwa leseni huria, kama zile zilizomo kwenye Google Fonts iliyoanza mwaka 2010, unaweza kuzitumia hata kwa biashara. Ndani ya folda uliyopakua kuna faili dogo la maandishi ambalo watu hulifuta bila kulifungua. Lifungue. Kama halimo, muulize aliyeitengeneza. Mara nyingi barua pepe yake imo kwenye ukurasa uleule uliopakulia, na nimewahi kujibiwa ndani ya siku moja.